Nilifuata Riwaya Unguja, Nikaangukia Kwenye Posa ya Watu

Naona ile voisi ya yaliyonikuta Unguja imeshafika hadi kwa mama mkwe. Jana usiku kanipigia, hakusalimia wala nini, akauliza tu: "Baba, ni kweli umepigwa na bakora yako mwenyewe?"

Basi tuwekane sawa. Sikupigwa. Ile bakora haikugusa mwili wangu hata kidogo, iligusa dele la kahawa, na hilo nitalifikia. Huyu rafiki yangu aliyerekodi ile voisi na kuisambaza kwenye magrupu ya ukoo, ya kazini na ya mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua, hakuwemo ndani ya nyumba ile. Alikuwa kichochoro cha pili anakula mishikaki. Anayosimulia ni ya kuambiwa, na mengine, kama lile la polisi kuja, kayatunga kwa sababu Mungu kamjalia kipaji halafu hakumpa kazi.

Niliyekuwemo ni mimi. Kaeni.

Mnaijua tabia yangu. Wenzangu wakimaliza riwaya wanalala, mimi natafuta nauli. Nikisoma kwamba mtu fulani miaka hiyo alipita kwenye mtaa fulani akapigwa na jua, sina raha mpaka na mimi jua hilo linipige. Niliposoma tamthilia ya Kinjeketile niliwaburuta watu Rufiji tukaitafute Ngarambe, kule yalikoanzia mambo ya vita vya Majimaji vya 1905, gari likalala kwenye tope. (Mnaokumbuka nani alisukuma na nani alikaa ndani kwa kisingizio cha mgongo, nyamazeni.)

Safari hii ilikuwa zamu ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Kitabu kile kilitoka 1999, na mimi nilikisoma kidato cha sita kwa ajili ya mtihani, yaani nilikisoma kama mtu anayekunywa dawa. Baadaye ikaja filamu ya Amil Shivji, 2021, nikarudi kukisoma nikiwa mtu mzima mwenye kodi ya nyumba. Hapo ndipo kilinishika. Unguja ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, Yasmin binti wa Kihindi anaozwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa, anamkimbia, anaangukia Ng'ambo kwa Mwajuma, halafu anaingia Denge na siasa zake na Inspekta Wright nyuma yake. Nilimaliza saa tisa usiku. Saa tisa na nusu nilikuwa naangalia ratiba ya boti.

Kikundi chetu cha wasomaji, ambacho kwa kweli ni watu wa kula pamoja wenye vitabu mikononi, kilikubali haraka nilipotaja urojo. Mwenyeji wetu alikuwa dada mmoja wa Unguja ambaye huwa anasoma na sisi mtandaoni. Yeye ndiye aliyepanga jambo ambalo leo linaniletea simu za mama mkwe: kwamba tukishazunguka mji, vijana wa mtaani kwao watatuigizia kipande cha hadithi, ile habari ya Yasmin kuposwa, ndani ya nyumba ya zamani. Na maneno yake ninayo kwenye simu, ushahidi upo, alisema: "Mtashirikishwa. Ukiona pa kuingilia, ingilia."

Mtu mwingine angesikia hayo akasema sawa. Mimi nilikwenda kuazima kanzu.

Kanzu ya shemeji yangu, ambaye ni mrefu kuliko heshima. Juu yake koti la suti, kwa sababu nimeona kwenye picha za zamani wazee wa Unguja wakivaa hivyo. Kofia niliinunua, ya vito, imekaa kichwani imesimama wima. Na bakora. Nilitaka nionekane mtu wa zama za Seyyid Khalifa, aliyetawala tangu 1911 mpaka 1960. Mke wangu alinitazama akasema, "Unaonekana kama mtu anayekwenda kudai mirathi isiyo yake." Nikamwambia hajui historia.

Sasa safari yenyewe nitaipitisha haraka. Boti ilichelewa kutoka Dar, tukafika na jua limeshapanda. Tukaanzia Forodhani, tukasimama mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba alilolijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, nikawaeleza jinsi upande wake mmoja ulivyoporomoka Desemba 2020, mpaka mtu mmoja akaniuliza kama kuna sehemu ya historia isiyohusu vitu kuanguka. Tukaenda Darajani, nikawaonyesha barabara ile pana ambayo wenyeji bado wanaiita Creek, nikawaambia hapa palikuwa na mkono wa bahari, maji yakiingia na kutoka, mji wa mawe upande huu, Ng'ambo upande ule, na Yasmin alipovuka kwenda kwa Mwajuma alikuwa anahama dunia. Nililia kidogo. Wengine walikuwa wananunua viungo.

Halafu tukaingia vichochoroni, na hapo ndipo pa kuanza kusikiliza.

Mwenyeji alitangulia na kundi. Maelekezo yalikuwa hivi, na naomba myasome kama hakimu: "Mnapita Kiponda, mnakata kushoto, mtaona nyumba yenye mlango mkubwa wa kuchonga, misumari ya shaba, baraza pande zote mbili, na viatu vingi nje. Ndiyo hapo."

Ndugu zangu, huu ni Mji Mkongwe. Kumwambia mtu atafute mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba Mji Mkongwe ni sawa na kumwambia atafute bodaboda Manzese.

Mimi nilibaki nyuma kwa sababu ya elimu. Nilikuwa namweleza muuza maembe mmoja tofauti ya milango: wa Kiarabu kichwa chake kimenyooka, wa Kihindi una upinde juu, ile minyororo iliyochongwa pembeni na ile samaki chini kila kimoja kina habari yake, na misumari ile wanasema asili yake ni huko India, kuzuia tembo asisukume mlango kwa kichwa. Muuza maembe akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. Akasema, "Mimi nimezaliwa ndani ya mlango huo, bwana. Unanunua embe, hununui?"

Nilinunua. Nikageuka, kundi halipo.

Sikuwa na wasiwasi. Nikakata kushoto. Nikakata tena kushoto, kwa sababu kushoto ya kwanza ilikuwa na ngazi tu. Na pale, wallahi, ukasimama mlango. Mkubwa, wa kuchonga, misumari ya shaba inang'aa, baraza huku na huku, na viatu. Viatu vingi mno! Makubadhi, ndala, viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi. Na harufu ya udi inatoka ndani kama moshi wa jikoni. Nikasema moyoni: dada huyu kajitahidi. Bajeti ya mchango wetu ilikuwa ya maji na biskuti, udi katoa wapi?

Kijana alikuwa amesimama mlangoni na mrashi mkononi. Aliponiona, kanzu, koti, kofia, bakora, uso wake ulifunguka.

"Aa, ami! Karibu, karibu! Wamekungoja mpaka wamechoka. Boti imechelewa?"

"Imechelewa," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Umekuja peke yako?"

"Wenzangu wametangulia."

Kijana akashtuka. "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Wote?"

Nikacheka, nikampiga bega. Nikaona kaigiza vizuri sana. Akaninyunyizia marashi mpaka miwani ikaingia ukungu, na nikaingia ndani nikiwa sioni.

Nipeni nafasi niwaeleze nyumba. Ukumbi wa chini unatazamana na ua wa kati. Dari ni boriti za mikoko zilizopakwa chokaa. Juu kuna roshani ya mbao inayozunguka ua wote, na pazia jeupe, na nyuma ya pazia unasikia bangili na watu wanaonong'ona. Chini mazulia, na wanaume wamekaa kuzunguka ukuta, wengi wao watu wazima, wamenyamaza kwa namna ile ya watu walioanza jambo wakakwama katikati. Katikati sinia, juu ya sinia kitambaa cha darizi, asumini, na bahasha. Kando dele la kahawa la shaba juu ya makaa yake, vikombe vidogo, na sahani za halua.

Na kwenye kiti, peke yake juu ya kiti wakati wengine wote wako chini, mzee. Kilemba, miwani minene, ndevu nyeupe, mikono miwili juu ya mkongojo.

Nikasema: Raza huyo. Nikaona wamemzeesha kupita kiasi, lakini nikawasamehe, mtaani huwezi kupata mwigizaji wa kila umri.

Watu walinipa mikono, mmoja mmoja. "Karibu ami." "Karibu bwana." Wakasogea nikakaa karibu na sinia, mahali pa heshima. Nikapewa kahawa. Sikuona hata mtu mmoja wa kundi letu, lakini nikajua watakuwa wamewekwa juu kwenye roshani wanatazama. Nikapunga mkono kuelekea pazia. Bangili zote zikanyamaza.

(Wewe unayeuliza kwenye komenti kwa nini sikutoka hapo hapo: ungetoka wewe na halua iko mbele yako?)

Sasa mimi ni mtu wa usahihi. Mkinialika kwenye mchezo wa kihistoria, nitauangalia mchezo wa kihistoria. Kwa hiyo nikafunua kile kitambaa kidogo nione kilichomo. Kulikuwa na fedha, zimepangwa vizuri, noti za elfu kumi kumi, mpya kabisa. Nikatikisa kichwa.

"Hizi sizo," nikasema.

Chumba kikapoa.

"Miaka hiyo," nikaendelea, kwa upole, kama mwalimu, "hapa Unguja ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki. Rupia ilishaondoka tangu 1936. Sasa mtu akiona noti hizi atashangaa."

Bwana mmoja wa makamo aliyekaa karibu yangu akanisogelea sikioni. Alikuwa anatokwa jasho. "Ami," akanong'ona, "lakini si ulizituma wewe mwenyewe?"

Nikamkonyeza. Nikamwambia, "Safi sana, endelea hivyo hivyo."

Nikaangalia ukutani. Palikuwa na televisheni bapa kubwa. Nikawaambia ile nayo ingefunikwa shuka, kwa sababu ni kweli Zanzibar iliwatangulia wengi kusini mwa Sahara kwa televisheni ya rangi, lakini hiyo ni miaka ya sabini, na sisi tuko miaka ya hamsini. Mzee mmoja kwenye kona akamuuliza mwenzake kwa sauti ambayo alidhani ni ndogo: "Kwao huyu mtu ndivyo walivyo wote?"

Ndipo yule mzee wa kitini akagonga mkongojo mara moja sakafuni. Akasema kwa sauti nzuri, ya taratibu: "Haya, bwana. Sisi tumeshasema yetu. Tulikuwa tunakungoja wewe tu, ndiwe uliyebaki. Mlango u wazi. Kama una neno, leta."

Kama una neno, leta.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kila usiku tangu Jumamosi, nikilala, ubongo wangu unanirudisha kwenye sekunde hii na kunionyesha polepole. Kijana aliyekuwa anamimina kahawa alisimamisha mkono, uzi wa kahawa ukakatika. Mtu alizima simu yake. Juu, pazia lilisogea upana wa vidole viwili. Watu wote wakanigeukia, na nyuso zao zilikuwa na matumaini. Hilo ndilo linaloniua. Walikuwa wananitazama kwa matumaini.

Na mimi nikasikia sauti ya mwenyeji wetu kichwani: ukiona pa kuingilia, ingilia.

Nikasimama.

Kanzu ya shemeji ilinasa chini ya kisigino, kwa hiyo nilisimama kwa awamu mbili, lakini nilisimama. Nikajiweka sawa. Nikasema salamu ndefu, ile ya wazee. Wakaitikia wote kwa pamoja, na sauti zao zikanipandisha kichwa. Nikanyoosha bakora mbele, polepole, ikapita juu ya sinia, ikapita juu ya sahani za halua, ikasimama imeelekea kifuani kwa yule mzee.

"Ndoa hii," nikasema, "siikubali!"

Kikombe kilianguka mahali fulani. Sikujali.

"Nasema siikubali! Mtazameni! Mtazameni huyu mwoaji wenu! Huyu si wa kumwoa binti huyu, huyu ni wa kumzaa baba yake! Meno yake yako wapi? Magoti yake yako wapi? Mnamchukua mtoto mbichi mnampa mzee kwa sababu ya duka na vijisenti, halafu mnaita heri? Binti amka! Vuka daraja, nenda Ng'ambo! Ukoloni utaanguka, na ndoa hii itaanguka nayo!"

Na kwenye neno "itaanguka" nikashusha bakora chini kwa nguvu ya mapinduzi.

Ilitakiwa ipige sakafu. Ilipiga mdomo wa dele. Dele likainuka upande mmoja, likasimama kwa ukingo wake, likafikiri. Namaanisha hivyo, lile dele lilifikiri. Wanaume wazima zaidi ya kumi wakalitazama bila mtu kunyoosha mkono, kama wachezaji wanaotazama mpira uliogonga mwamba. Kisha likachagua upande wa sinia. Kahawa ikatoka kwa utaratibu, nyeusi, ikaizunguka asumini, ikaingia chini ya bahasha, bahasha ikaanza kuelea. Ikaelea kidogo. Ikageuka. Ikaja ikasimama kwenye ncha ya kiatu changu, kwa sababu, na hili nilikuwa sijaligundua, mimi peke yangu chumba kizima ndiye niliyeingia na viatu.

Kimya kilichofuata sikuwahi kukisikia. Nilisubiri makofi.

Badala ya makofi, simu yangu ikaita. Mlio wangu mnaujua. Ni singeli. Ndani ya ukumbi wa mawe, mbele ya wazee wa vilemba, singeli ikalia kwa sauti ya juu kabisa, nami naitafuta kwenye koti, haimo, kwenye kanzu, kanzu haina mfuko huo, hatimaye nikaipata na kidole chenye halua kikabonyeza spika.

"We uko wapi?" Sauti ya mwenyeji ikajaa ukumbi mzima. "Tumekusubiri mpaka tumechoka, vijana wameanza igizo bila wewe! Yasmin ameshaposwa huku!"

Nikaitazama simu. Nikamtazama yule bwana wa jasho. Nikatazama boriti za dari, nikatazama televisheni, nikatazama noti za elfu kumi zinazoogelea. Na mambo yote yakaanza kuja, moja baada ya jingine: boti imechelewa, wamekungoja, si ulizituma wewe.

Yule mzee alikuwa bado yuko kwenye kiti chake, na ncha ya bakora yangu ilikuwa imerudi kumwelekea bila mimi kujua. Akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la kanzu, kioo cha kwanza, kioo cha pili, bila haraka, kama mtu mwenye siku nzima. Akaivaa. Akasema:

"Mimi siye mwoaji, bwana. Mimi ni babu yake mwoaji. Mwoaji yuko kwao. Posa huletwa na wazee."

Kabla sijapata pa kuingiza uso wangu, kutoka juu, nyuma ya pazia, ikaja sauti ya bibi kizee, kali kama wembe mpya:

"Aliyesema maneno hayo ni nani? Mleteni nimpe mkono! Kasema kweli! Huyo mzee mnayemwona hapo alileta posa kwetu, kuniposa mimi, kabla ya Mapinduzi, na marehemu baba akamrudisha!"

Mzee hakuinua hata kichwa.

"Posa ndiyo mliyorudisha, bi mkubwa," akasema. "Halua mlikula."

Hapo nyumba ilivunjika. Juu walicheka, chini walicheka, kijana wa mrashi alikaa chini kwenye kizingiti akishika tumbo. Watu walicheka mpaka yule bwana wa jasho, ambaye kumbe ni baba wa mwoaji, akajifuta machozi kwa kile kitambaa cha darizi. Mimi nilikuwa mtu pekee ambaye hakucheka, lakini nilijitahidi kutoa meno.

Yaliyobaki ni machache. Niliomba radhi kwa kila mtu, kuanzia mzee mpaka mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia. Noti zilianikwa kwenye kamba ya ua kwa vibanio vya nguo. Posa ilikubaliwa, bahasha ikiwa imekauka nusu. Ami mwenyewe kutoka Dar alifika baadaye na begi la magurudumu, amevaa jezi na kofia ya jua, na kijana wa mlangoni akamzuia kwa dakika nzima akimtaka athibitishe kuwa ni yeye. Binti sikumwona, lakini aliteremsha ujumbe kupitia kwa mdogo wake kwamba mwoaji wamepishana naye mwaka mmoja tu, walisoma wote, na kwamba hana mpango wa kuvuka daraja lolote. Wenzangu nilipowapata, nilifanya kosa la kumwambia mmoja tu. Mmemsikia kwenye voisi.

Hakuna polisi aliyekuja. Rekebisheni hilo.

Igizo sikuliona. Wanasema lilikuwa zuri na kwamba Raza aliigizwa na kijana wa miaka ishirini aliyepakwa unga kwenye nywele. Wanasema pia kwamba televisheni ya nyumba ile ilifunikwa shuka. Sitaki kuambiwa zaidi.

Lakini jambo moja ambalo kwenye voisi halimo. Wakati natoka, yule mzee aliniita kando barazani, akataka kujua hicho kitabu kilichonitia wazimu ni kipi. Nikakitoa kwenye koti. Akakifungua popote, akasoma kidogo kwa kukiweka mbali na macho, akaniuliza kama ndani yake mna habari za ule mkono wa bahari pale Darajani, kwa sababu yeye aliuona una maji, na kama mna habari za mgomo wa makuli wa mwaka 1948, kwa sababu baba yake alikuwa kuli bandarini. Nikaanza kumwambia jinsi mji ulivyokuwa enzi zile. Nilishafika katikati ya sentensi ndipo nikakumbuka ninayezungumza naye. Akanisikiliza kwa adabu ile ile ya muuza maembe. Kisha akakitia kitabu kwapani, akaniambia atakirudisha akimaliza, akarudi ndani.

Jana nimempigia kumsalimia na, basi, kukiulizia kidogo, maana ni nakala yangu ya shule ina maandishi yangu pembeni. Akasema hajasoma hata ukurasa. Bibi wa ghorofani kakiomba Jumamosi ile ile usiku, na kila akitumiwa mtoto kwenda kukifuata, mtoto anarudi na kisahani cha halua.